Ndiyo Iliyomfunga Mtu

Jambo la kwanza ambalo mkalimani wa mahakama hufundishwa ni mahali pa kusimama. Maneno yanakuja baadaye, vijana wangu. Mimi nilifundishwa kusimama hatua mbili kushoto kwa mshtakiwa na nusu hatua mbele yake, ili niuone mdomo wake anaposema na hakimu auone wangu. Ukisimama nyuma yake humsikii. Ukisimama mbele yake kabisa, anakusemesha wewe badala ya mahakama, na kabla hujajitambua mmeanza kuulizana habari za mashangazi.

Aliyenifundisha hayo ni Mzee Danieli, mkalimani mkuu wa boma la Njombe zama za Mwingereza. Alikuwa Mbena mfupi, mwenye kipara na sauti kubwa kuliko mwili wake. Kazi aliianza enzi ya Mjerumani, na Kiswahili chake kilibaki na amri za enzi ile. Hakusema "njoo hapa", alisema "fika." Siku yangu ya kwanza nilimwamkia, "Kamwene, Mzee," akanitazama kuanzia viatu hadi kola, akasema, "Viatu vizuri. Umekuja kutafsiri au kuoa?"

Kuoa nilikuwa nimeshaoa, miezi mitatu tu nyuma. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni nikiwa na Kibena cha nyumbani, Kikinga nilichojifunza bwenini kwa wenzangu waliotoka milimani, Kiswahili cha darasani, na Kiingereza. Hicho Kiingereza ndicho kilichonivimbisha kichwa. Baba yangu alikuwa mkulima na mzee wa kanisa, na kila Jumapili baada ya ibada aliwakumbusha watu kwamba mwanawe anazungumza na Bwana Shauri uso kwa uso. Bwana Shauri ndivyo tulivyomwita mkuu wa wilaya, Mwingereza, ambaye ndiye pia alikuwa hakimu.

Ninyi mmeikuta Njombe ya lami na majengo ya ghorofa. Yetu ilikuwa boma kilimani, gereza pembeni yake, na chini kidogo mstari wa maduka ya mabati yenye baraza, kisha soko. Lakini msiidharau. Kutoka Lupembe kwenye chai, kutoka kwa Wapangwa kule mteremko wa ziwani, kutoka kwa Wawanji na Wakinga juu kwenye baridi, njia zote zilishuka kwetu. Na mtu hakuwa akija Njombe kwa sababu moja. Mwenye shauri la mpaka alikuja na gunia la viazi mgongoni, maana safari ya siku tatu haipotezwi kwa maneno matupu. Mwenye kuuza ngano alipitia bomani kuulizia rufaa ya shemeji yake. Leseni ya duka ilikuwa kwetu, mizani ilipimwa kwetu, mirathi ikiwashinda wazee na baraza la Mtwa, chifu wetu, ilipanda kwetu.

Siku moja Bwana Shauri aliuliza, "Shahidi wa pili yuko wapi?" Tarishi akajibu, "Anauza kuku, Bwana." "Atamaliza lini?" "Amebakiza watatu." Mahakama ikapumzika mpaka kuku watatu wakaisha. Shahidi akaja na manyoya kwenye sweta, akaapa, akatoa ushahidi safi kabisa. Mzee Danieli aliniambia baadaye kwamba mtu ambaye kuku wake hawajaisha hatoi ushahidi, anatoa maneno ya kuwahi sokoni.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha. Kulikuwa na kesi ya majirani wawili waliopigana kwa ajili ya mianzi ya kugema ulanzi, pombe yetu. Mama mmoja shahidi akasema jirani mwenye mianzi alimwambia mwenzake kwamba ana akili za kuku aliyenyeshewa. Mimi, mtoto wa mzee wa kanisa, nikaona haya. Nikatafsiri: "Alimwambia kwamba hana busara sana." Bwana Shauri akaacha kuandika, akamgeukia mshtakiwa, akamuuliza inakuwaje mtu mzima avunje mkono wa jirani kwa kuambiwa hana busara sana. Mshtakiwa akanitazama mimi kwa mshangao zaidi kuliko alivyomtazama hakimu. Mzee Danieli, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, akasimama akaomba ruhusa, akamrudisha kuku mahakamani pamoja na mvua yake yote.

Nje akanikamata begani. "Tusi ni la nani?"

"La yule bwana, Mzee."

"Umelinunua?"

"Hapana."

"Basi mrudishie mwenyewe. Ukisimama pale, mdomo si wako."

Nililishika hilo. Tangu siku hiyo nilitafsiri matusi kwa uaminifu hata wazungu wakaanza kuyaandika pembeni kwa kujifurahisha. Nikadhani sasa nimeiva.

Ndipo akaletwa Mzee Tweve.

Alikuwa Mkinga wa makamo, mrefu, mkavu kama fimbo, koti lake la sufu limeshonwa viraka vya rangi tatu. Kijiji chake kilikuwa juu, karibu na Iwawa. Kila msimu alishuka na viazi na ngano, akauza Njombe, kisha kabla ya kupanda kurudi kwake alichukua kazi ya kubeba mizigo ya watu. Wafanyabiashara walimjua. Ukimpa Tweve mzigo, walisema, ni kama umeubeba mwenyewe.

Shtaka lilikuwa hili. Fundi Selemani, mshonaji aliyekaa kwenye baraza la duka moja, alikuwa ameibiwa cherehani. Cherehani ikapatikana Makambako, ndani ya gunia, na juu ya gunia ameketi Tweve. Makambako ya siku zile ilikuwa njia panda, vibanda vichache na upepo. Malori ya Iringa na ya Mbeya yalisimama hapo kidogo, yakaondoka. Tweve alisema mtu mmoja mwenye koti la kaki alimkodi Njombe, akamwambia yeye ni fundi anayehamia, atangulie na gunia, naye atamfuata kwa lori. Tweve akatembea siku mbili, akafika, akangoja. Askari alimkuta anangoja bado.

Bwana Shauri aliyekuwapo wakati huo alikuwa mgeni, hajafanya hata mtihani wake wa Kiswahili. Kwa hiyo nilitoa maneno ya Tweve kwenye Kikinga na kuyatia moja kwa moja kwenye Kiingereza. Mzee Danieli hakuwepo. Alikuwa amelala nyumbani na kifua. Nilifurahi kuwa peke yangu. Nisiwadanganye.

Kesi haikuchukua muda. Fundi Selemani aliitambua mashine yake kwa kovu la pasi lililokuwa kwenye ubao. Askari akaeleza alipoikuta. Kisha Bwana Shauri akamtazama Tweve, akauliza swali ambalo nitawaandikia kwa Kiswahili: "Hukujua kwamba mashine hii imeibiwa?"

Nikaligeuza kwa Kikinga, neno kwa neno. Tweve akajibu mara moja, bila kusita, neno lao la ndiyo.

Nami, hatua mbili kushoto, nusu hatua mbele, nikasema kwa sauti safi: "Yes, sir."

Kalamu ikakwaruza karatasi. Bwana Shauri akafunga miwani yake, akampa Tweve kifungo cha mwaka mmoja na kazi ngumu. Nilipomtafsiria hukumu, alinitazama, akamtazama hakimu, akanitazama tena. Akafungua mdomo, lakini askari alikuwa ameshamshika mkono. Walimpitisha sokoni kwanza wakarudi naye, sijui kwa nini, labda askari alikuwa na haja dukani. Watu walimwona Tweve na pingu. Fundi Selemani alitema mate chini mbele ya miguu yake.

Zikapita wiki tatu hivi. Asubuhi moja nilikuwa napanda bomani, wafungwa wanafyeka nyasi kando ya njia. Tweve akanyoosha mgongo.

"Karani," akasema kwa Kikinga, "naomba nikuulize neno moja, kama si kosa."

"Uliza, Mzee."

"Yule Bwana aliniuliza kama sikujua. Nikamwambia ndiyo. Mbona alikasirika?"

Nikajibu kwa haraka, kama mtu aliyesoma: "Ulimwambia ulijua, Mzee. Ndiyo maana."

"Mimi? Nilimwambia ndiyo. Ndiyo, sikujua. Kwani wewe ungejibuje?"

Nilisimama pale. Mlinzi akamfokea, Tweve akainama akaendelea kufyeka. Mimi sikuweza kupiga hatua.

Mmeliona? Sisi, kwa Kikinga, kwa Kibena, hata kwa Kiswahili, mtu akituuliza "Hujala?" na kweli hatujala, tunasema "Ndiyo." Maana yake: ndivyo ulivyosema, sijala. Mwingereza akiuliza hivyo ukamjibu "Yes," amesikia kwamba umekula na umeshiba. Tweve alisema, kwa heshima zote, kwamba hakujua. Nilichomwambia hakimu ni kwamba alijua. Kikinga changu cha bwenini hakikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye Kiingereza, kile kile nilichotembea nacho kama kofia mpya.

Ningependa kuwaambia kwamba nilikimbia moja kwa moja ofisini kwa Bwana Shauri. Sikukimbia. Nilikaa nalo siku tatu. Nilifikiri habari za kazi, za mke wangu aliyekuwa na mimba changa, za baba na maneno yake ya baada ya ibada. Nikajiambia huenda hata bila jibu lile angefungwa. Nikajiambia mwaka si mrefu. Nilipita njia ya nyuma ili nisiwaone wafyekaji. Siku ya tatu chakula kilinishinda, mke wangu akaniuliza kama ninaumwa, nikasema ndiyo, na nilipolisikia neno lenyewe nikainuka.

Nilikwenda kwa Mzee Danieli. Nilimkuta anaota jua mlangoni, blanketi mabegani, bado anakohoa. Nilimweleza yote. Alisikiliza amefumba macho.

"Umekaa nalo siku ngapi?"

"Tatu, Mzee."

"Wiki zile tatu alifungwa na kosa. Hizi siku tatu umemfunga wewe."

Akakohoa, akafuta mdomo.

"Mlango wa Bwana Shauri unaujua?"

"Naujua. Naomba unisindikize, Mzee wangu. Wewe anakuheshimu."

"Nikikusindikiza atanisikiliza mimi. Nataka akusikilize wewe. Nenda kabla hajaenda kula."

Nilikwenda. Bwana Shauri alikuwa anachonga penseli kwa kisu. Nilisimama mbele ya meza nikamweleza, safari hii polepole, swali, jibu, na maana ya jibu. Aliendelea kuchonga mpaka penseli ikabaki kama jino.

"Unaniambia," akasema, "nimemfunga mtu kwa sarufi yako?"

Nikajibu, "Yes, sir." Na safari hii jibu halikuwa na utata wowote.

Nilisubiri anifukuze. Badala yake akavuta jalada, akalisoma upya ukurasa kwa ukurasa, kidole kikitembea chini ya mistari. Akauliza, "Alikaa juu ya gunia hilo Makambako kwa muda gani?" Nikasema mchana kutwa, na kwamba askari mwenyewe alieleza kuwa alikuwa akimuuliza kila mpita njia kama amemwona bwana mwenye koti la kaki. Bwana Shauri akaegemea kiti. "Mwizi gani hukaa njia panda mchana kutwa akimtangaza mwenye mzigo?" Hakuniuliza mimi. Alikuwa anajiuliza mwenyewe, na niliona masikio yake yanakuwa mekundu.

Hakuwa na uwezo wa kufuta hukumu yake mwenyewe. Jalada lilipaswa kupelekwa kwa Jaji, na pamoja nalo kiapo changu cha maandishi, kwa jina langu kamili, kwamba nilitafsiri vibaya. Nilikiandika mchana huo huo. Nimeandika barua nyingi maishani mwangu, na sijawahi kuandika nyingine iliyokuwa nzito kama ile na fupi kama ile.

Kisha nikamwendea Tweve gerezani kumwambia. Nilitegemea matusi, nilikuwa tayari kuyapokea na hata kuyatafsiri. Yeye akauliza kitu kingine kabisa.

"Mke wangu anajua niko wapi?"

"Sidhani, Mzee."

"Mvua zimekaribia. Mbegu za viazi ziko darini. Yeye atadhani nimekwenda kwenye mashamba ya miti ya miwati nikaoa huko huko." Akafikiri kidogo. "Basi nenda ukamwambie."

Hakusema "naomba."

Bwana Shauri alinipa siku kumi. Nilitembea siku tatu, na zile tambarare za Njombe mnazoziona baridi, vijana, ni joto ukilinganisha na kule. Viatu vyangu vizuri viliachia soli siku ya pili. Nilifika kwa Mzee Tweve nimefunga miguu matambara, ukungu umeshika kila kitu, nikamkuta mke wake, Mama Atupele, akichambua mbegu mlangoni. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mipana. Nilimwamkia, nikakaa pale nilipoonyeshwa, nikaeleza tangu mwanzo. Sikuficha sehemu yangu.

Aliendelea kuchambua. Mbegu nzuri kulia, zilizooza kushoto. Nilipomaliza akauliza:

"Yuko hai?"

"Yuko hai, Mama."

"Anakula?"

"Anakula."

"Na wewe ndiye mdomo uliomfunga."

"Ndiye mimi."

Akainuka, akaingia ndani. Nikadhani anakwenda kulia, au kuleta wazee. Akatoka na majembe mawili.

"Mdomo umeshafanya kazi yake," akasema. "Sasa tuone mikono."

Nililima kwa Mama Atupele siku tatu, kwenye mteremko ambao jembe likikuteleza linakutangulia mpaka bondeni. Yeye alichimba mistari miwili nilipochimba mmoja. Alinirekebisha bila huruma: kina hakitoshi, matuta yamepinda, mbegu imelala kichwa chini. Siku ya kwanza hakunisemesha nje ya hayo. Siku ya pili, nilipokuwa napuliza malengelenge, aliniuliza kama nina mke. Nikasema ninaye, ana mimba. Akasema, "Mfundishe mtoto kujibu vizuri." Kisha akacheka, akacheka mpaka akaegemea mpini wa jembe, na mimi nikacheka naye, huku machozi yakinitoka. Siku ya tatu shamba likaisha. Alinipa viazi vya kuchoma vya njiani na jozi ya viatu vya zamani vya mumewe. Vilikuwa vikubwa, lakini vilinirudisha Njombe.

Niliporudi nikakuta Mzee Danieli ameshika nafasi yangu mahakamani, na mimi nimehamishiwa chumba cha majalada. Ilikuwa adhabu, na ilikuwa ya haki. Nilikaa kwenye vumbi lile mwaka na zaidi. Lakini Bwana Shauri alibadilika kidogo: hakuuliza tena "hukujua?" Aliuliza, "Ulijua au hukujua?" Na Mzee Danieli, kila mshtakiwa aliposema ndiyo, hakuiacha uchi. Aliivalisha: "Ndiyo, nilikwenda." "Ndiyo, sikumwona." Niliporudishwa kwenye ukalimani nilifanya hivyo hivyo miaka yote iliyobaki, chini ya mahakimu wazungu, kisha chini ya mahakimu wetu wenyewe baada ya Uhuru, ambao wengine walikuwa wakali kuliko wazungu. Kama mtachukua kitu kimoja cha ufundi kutoka kwangu, chukueni hicho. Ndiyo ni neno fupi mno kuachwa peke yake mahakamani. Na ukiwa na shaka, inua mkono uombe kuuliza tena. Hakuna hakimu aliyewahi kumfunga mkalimani kwa kuuliza.

Jibu la Jaji lilikuja mvua zikiwa zimeshakolea. Hukumu imefutwa, mshtakiwa aachiwe mara moja. Bwana Shauri aliniita kutoka kwenye majalada nikamsomee Tweve barua hiyo, kwa kuwa, alisema, ni haki yake aisikie kutoka kwangu. Nikasimama mahali pangu pa zamani, nikaisoma yote, sentensi moja Kiingereza, sentensi moja Kikinga, bila kuruka hata nukta. Bwana Shauri akainuka kutoka kwenye kiti chake, akamwambia kwamba mahakama inasikitika. Nilitafsiri na hilo.

Tweve alivishwa koti lake la viraka vya rangi tatu, akapewa nakala ya karatasi. Aliishika, akaigeuza pande zote mbili. Tulipofika nje kwenye ngazi, hakuondoka.

"Karani, hii karatasi inasema mimi si mwizi?"

"Inasema hivyo, Mzee."

"Lakini soko halisomi."

Nikatazama chini, kule kwenye maduka.

"Walinipitisha pale na pingu," akasema. "Kazi yangu ni kubeba vya watu. Nani atanipa mzigo? Akinikataa mtu wa Njombe, keshokutwa wameshajua Makambako, wiki ijayo wameshajua mpaka ziwani. Ninyi hapa mkisema kitu, njia zote zinakibeba. Nipitishe tena."

Ilikuwa siku ya soko. Tulishuka. Soko lilikuwa limejaa: Wabena na mahindi yao, Wakinga na ngano, Wapangwa na mafungu ya samaki wakavu kutoka ziwani, wauza chumvi, mawakili wa uwongo wanaoandikia watu barua, na nyuso nyingi nilizokaa nazo kanisani. Tukafika kwenye baraza lile. Fundi Selemani alikuwa pale, anashona kwa cherehani ile ile yenye kovu la pasi. Tweve akasimama. Mimi nikapanda juu ya kreti.

Nikasema kwa Kiswahili kwanza. Nikataja jina langu na la baba yangu. Nikasema mimi ni mkalimani wa boma, na kwamba mtu huyu aliulizwa kama hakujua mali ni ya wizi, akajibu kweli kwamba hakujua, na mimi nikamwambia hakimu kinyume chake. Nikasema Jaji ameifuta hukumu. Nikasema huyu si mwizi na hakuwahi kuwa mwizi. Kisha nikarudia yote kwa Kibena. Kisha kwa Kikinga. Hapo kwenye Kikinga sauti ilinikatika, nikaanza upya.

Mama mmoja muuza mbogamboga akapaza sauti, "Wewe si mtoto wa yule mzee wa kanisa?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Haya," akasema. "Endelea."

Lakini nilikuwa nimemaliza. Watu walisimama wakimtazama Tweve, naye akawatazama, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Fundi Selemani alikuwa ameacha kukanyaga mashine. Akaondoa miwani yake, akaishika mkononi.

"Siku ile nilitema mate," akasema.

"Niliona," Tweve akajibu.

"Nilikuwa nimepoteza mkono wangu. Bila mashine mimi sina mkono."

"Najua. Hata mimi, ningekuwa wewe, nisingemchekea mtu."

Fundi akainamisha kichwa. Kisha akainuka, akaingia dukani, akatoka anaburuta robota la nguo lililofungwa kwa kamba. "Hizi ni sare za shule ya misheni, kule kwenu juu," akasema. "Nimekosa mtu wa kumpa wiki mbili sasa. Kama unapanda leo."

Tweve akachuchumaa. Akakagua kamba, fundo moja moja, akalegeza moja akalifunga upya. Kisha akamtazama fundi.

"Ni zako?"

"Ni zangu. Nimezishona mwenyewe."

"Waambie hawa."

Fundi Selemani akatazama huku na huku, kidogo ameona haya, kisha akawageukia watu wa soko, akasema kwa sauti ya kuadhini: "Nguo hizi ni zangu! Nampa Mzee Tweve apeleke!"

Watu wakacheka, cheko zuri, na wawili watatu wakapiga makofi. Tweve mwenyewe hakucheka. Aliinama, akajitwisha robota, akalisawazisha kichwani. Kisha hakukata kona ya karibu kwenda barabarani. Alipita katikati ya soko lote, polepole, shingo imenyooka, kati ya ngano na chumvi na samaki, na watu wakampisha njia.